Lenzi ya zumu

Lenzi ya zumu ni lenzi ya kamera ambayo urefu wake wa fokasi unaweza kubadilishwa bila kuiondoa kwenye kamera. Urefu wa fokasi ukiongezwa, kitu kilicho mbali huonekana kikubwa na eneo linaloingia katika picha hupungua. Ukipunguzwa, eneo hilo hupanuka. Makala hii inahusu hasa lenzi za zumu za filamu na matangazo ya televisheni.

Uwiano wa zumu hupatikana kwa kugawanya urefu mkubwa wa fokasi kwa ule mdogo. Kwa mfano, lenzi ya milimita 25 hadi 250 ina uwiano wa 10.

Muundo

Ndani ya lenzi kuna makundi ya vioo. Kwa kawaida kundi la mbele hutumika kurekebisha fokasi. Kundi la pili husogea mbele na nyuma ili kubadilisha ukubwa wa picha. Kundi la tatu husogea sambamba na mwendo wa la pili ili picha isififie, na kundi la mwisho huelekeza mwanga kwenye filamu au kihisi cha kamera.

Lenzi nyingi za zumu za picha mnato hupoteza fokasi kidogo zinapovutwa. Hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa mpiga picha hurekebisha fokasi kabla ya kubonyeza. Katika filamu na televisheni mtazamaji huona mwendo wote, na katika matangazo ya moja kwa moja hakuna nafasi ya kurudia. Kwa hiyo lenzi hizo hutengenezwa ili zishikilie fokasi katika urefu wote, na ili ukubwa wa picha usibadilike ovyo fokasi inaporekebishwa. Ndiyo sababu huwa kubwa, nzito na za bei ghali.

Historia

Mwaka 1902 Clile C. Allen alipewa hataza ya lenzi ya aina hii nchini Marekani. Mwaka 1932 ilitokea Cooke Varo ya milimita 40 hadi 120, iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya filamu. Katika miaka ya 1940 Frank G. Back alibuni Zoomar nchini Marekani, ikatumika katika televisheni. Kabla ya hapo kamera za televisheni zilikuwa na kisahani chenye lenzi kadhaa, na mpiga picha alikizungusha ili kubadili lenzi. Wakati huo picha yake haikuweza kurushwa hewani.

Nchini Ufaransa, Pierre Angénieux alitengeneza lenzi zenye uwiano wa 10. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya ufundi katika Tuzo za Oscar za mwaka 1964.

Tofauti kati ya filamu na televisheni

Lenzi za viwanja vya michezo zina uwiano mkubwa sana. Fujinon UA107x8.4 huanzia milimita 8.4 hadi 900, yaani uwiano wa 107. Hili huwezekana kwa sababu kihisi cha kamera nyingi za matangazo ni kidogo, chenye ulalo wa milimita 11 hivi. Fremu ya filamu ya milimita 35 ina ulalo wa takriban milimita 28; ili ionyeshe eneo lilelile la uwanja, ingehitaji lenzi ya zaidi ya milimita 2,000. Hata hivyo, lenzi nyingi za matangazo hupunguza mwanga zikivutwa hadi mwisho. Watengenezaji wa filamu hukubali uwiano mdogo ili wapate fremu kubwa na mwanga usiobadilika.

Matumizi katika usimulizi

Zumu si sawa na kusogeza kamera. Kamera ikisogea, vitu vya karibu na vya mbali hubadilisha uwiano wa ukubwa wao. Zumu hukuza vyote kwa pamoja. Alfred Hitchcock aliunganisha miendo hiyo miwili katika filamu ya Vertigo (1958) ili kuonyesha kizunguzungu. Stanley Kubrick alitumia zumu za polepole katika Barry Lyndon (1975), akianza na mtu na kuishia na mandhari nzima.