Tarakimu mbili zinazoamua sauti ya ordinatere
Mwenye kutengeneza muziki wa tangazo la redio hapa Kisangani na ordinatere ndogo anapaswa kuangalia tarakimu mbili. Ya kwanza ni mara ngapi sauti inahesabiwa kwa sekunde: 44.100 kwa CD, 48.000 kwa video. Sauti nyembamba ikipita nusu yake, inageuka kelele ingine. Ya pili ni mara ngapi mashine inabadilisha nguvu ya sauti. Ndani ya programu Csound, ukiweka 44.100 na 4.410, kila badiliko linashika vipimo 10. Ukipunguza ya pili, mashine inapumua, lakini sauti inapanda kwa kurukaruka, inakwaruza. FM inafikisha hertzi 15.000 hivi tu. Basi 44.100 inatosha, nguvu inayobaki iende ku tarakimu ya pili.