Kutoka Kitovuni Hadi Magotini: Historia ya Majina Tusiyomfundisha Mtoto

Leo hatuzungumzii chanjo wala uji. Tunazungumzia jambo unalolifanya kila jioni ukimwosha mtoto kwenye karai, pengine bila kujua kwamba ni somo. "Pua iko wapi? Sikio liko wapi?" Mtoto anashika pua yake, nyumba nzima inacheka.

Mtoto wa miaka 2 akiulizwa huweza kuonyesha angalau viungo viwili. Huanza kwa kuonyesha kwa kidole, na kutaja kwa mdomo huja baadaye kidogo. Hapa Mitunguu atasikia kiongo kwa nyanyake, kichwa sokoni, na neno la Kiingereza kwa kaka yake atokaye shule. Usihofu, hiyo haimchelewishi. Ikiwa amefika miaka miwili na haonyeshi chochote, wala hageuki ukimwita, hapo mpeleke kliniki wamwangalie masikio.

Sasa sikiliza vile tunavyotaja. Kichwa, macho, shingo, mkono, tumbo, kitovu. Halafu tunaruka! Tunatua magotini, tunaendelea hadi vidole vya miguu. Pale katikati tunapaosha haraka haraka na kunyamaza, au tunapapa jina la mchezo: dudu, kadudu, huko. Mimi nililelewa hivyo, na sote nyumbani tulikuwa na "huko" mmoja, wavulana kwa wasichana.

Kunyamaza huku kuna historia yake. Zamani katika nchi ya Meru, mafunzo ya sehemu hizo yalikuwa na wakati wake maalum, nao ulikuwa wakati wa tohara. Msichana alipotahiriwa aliwekwa ndani, na wanawake wazee wakamfundisha mambo ya mwili, ya ndoa na ya heshima. Aliyefundisha hakuwa mama mzazi, na aliyefundishwa hakuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo mama wa zamani aliponyamaza kwenye maji ya kuoga, alijua kuna mwingine atakayesema baadaye.

Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke, kwa msukumo wa serikali ya wakoloni, walipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Wasichana wengi walikataa amri hiyo, wakajikata wenyewe kwa nyembe. Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kufikia mwaka 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana pamoja na wazazi, walikuwa wameshtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Ukeketaji huo ulidhuru wanawake, na leo sheria inaukataza: Sheria ya Watoto ya 2001 iliwakinga watoto, kisha ya 2011 ikaukataza kwa wote. Ninalotaka ulione ni hili: sherehe zilipovunjika, na yale mafunzo yalivunjika nazo. Mama akaendelea kunyamaza kama zamani, lakini yule mwingine wa kusema hakuwepo tena.

Majirani zetu wa Tharaka waliliona pengo hilo. Mwaka 1996 Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la PATH walianzisha huko Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja, wakafundishwa mwili wao na mambo ya utu uzima, kisha wakasherehekewa bila kukatwa. Lilikuwa jambo zuri sana. Lakini nalo lilikuwa la wasichana waliokaribia kuvunja ungo. Yule wa karai, wa miaka miwili au mitatu, hakuna aliyemfikiria.

Ni mahakama zilizotuonyesha kwamba huyo naye anahitaji maneno. Zamani ushahidi wa mtoto mdogo peke yake ulionwa kuwa dhaifu, ukatafutiwa ushahidi mwingine wa kuunga mkono. Mwaka 2003 Sheria ya Ushahidi ilibadilishwa: katika makosa ya kingono, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli, na aandike sababu zake, anaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa neno la mtoto huyo tu. Mwaka 2006 ikaja Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u. Sheria hiyo inataka ithibitishwe ni kiungo gani kilichoguswa, na vipi.

Hapa kwetu Meru kuna kesi ya wasichana 160, ambao baadhi yao walihifadhiwa katika nyumba ya Tumaini ya Ripples International. Ilipelekwa Mahakama Kuu ya Meru mwaka 2012, na tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau akaamua kwamba polisi walivunja haki za watoto hao kwa kutochunguza malalamiko yao ya kunajisiwa. Kesi hiyo haikuhusu majina ya viungo. Watoto walisema, wakubwa ndio hawakufanya kazi. Lakini tangu siku hiyo polisi hana ruhusa ya kupuuza neno la mtoto, na ndiyo sababu neno lenyewe lina uzito.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ililitazama neno hilo. Ilisema watoto huona haya, hivyo husema "alinifanyia tabia mbaya", au hutaja mwiba, au dudu, na mfano huo wa dudu ulitoka katika kesi ya hapa Meru. Majaji walikubali kwamba maneno hayo yanaeleweka. Utaniuliza, basi shida iko wapi? Shida ni kwamba mtoto haanzi kwa jaji, anaanza kwako. Akikuambia "dudu iliniuma", utakung'uta shuka ukitafuta siafu, kisha urudi kunyunyizia ndizi zako maji. Na hata pasipo ubaya wowote, mtoto asiye na neno husema "tumbo" kwa kila kitu. Unampa dawa ya minyoo, kumbe anaumwa akikojoa.

Basi mpe maneno. Uume, korodani, uke, matako, matiti. Kama Kimeru ndicho cha nyumbani, tumia neno la heshima la Kimeru, bora wote nyumbani, nyanya na yaya pia, watumie lile lile. Mimi husita na haya maneno "sehemu za siri". Mtoto anayeambiwa ni siri ataiweka siri. Mwambie ni sehemu zake mwenyewe: mama huzigusa akimwosha, daktari huziangalia mama akiwepo, na mtu mwingine akizigusa amwambie mama, hata kama ni mjomba.

Akikuambia jambo la namna hiyo, usimpigie kelele wala usimuulize mara kumi. Usimwoshe. Weka nguo zake kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Muda wetu umekwisha. Jioni ya leo, karai likiwa tayari, anzia kwenye vidole vya miguu ukipanda juu, na ukifika magotini usiruke. Kwaheri hadi wiki ijayo, tutakapozungumzia meno ya kwanza.