Namba Moja Kwenye Kipimajoto

Karibu na stendi ya mabasi mjini Babati yupo mama anayeuza barafu za ubuyu. Jioni huchemsha ubuyu na sukari, huuchuja, kisha huliacha sufuria wazi mpaka lipoe, ndipo ajaze vifuko na kuvilaza ndani ya friza. Ukimuuliza kwa nini asubiri, atakujibu kwamba kitu cha moto kitaizidi friza nguvu. Ana hoja. Ila mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba hakusubiri: maziwa yake ya moto yaliganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu alichekwa. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vyao vya maji.

Ubishi kama maji ya moto kweli huganda mapema kuliko ya baridi haujakwisha, na si lazima tuumalize hapa. Kwangu uzito wa swali la Mpemba uko kwingine: kitu kilicho njiani kuelekea msawazo, yaani hali ya kutulia, hakielezeki kwa namba moja ya joto. Lazima useme kimetoka wapi.

Vipitishi vikuu, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani, vinaonyesha hilo waziwazi. Katika baadhi yao elektroni hujipanga safu safu, penye wingi na penye uchache, na kuunda mawimbi ya msongamano wa chaji. Mwaka 2012 vipimo vya eksirei katika oksidi ya itriamu, bariamu na shaba vilionyesha mawimbi hayo yakififia pale tu upitishaji mkuu unapoanza. Elektroni ni zilezile. Mipango miwili inazigombea.

Sasa kipige kitu cha namna hiyo kwa leza, kwa muda mfupi kuliko sehemu ya trilioni ya sekunde. Elektroni zinachemka ilhali atomu za fuwele bado ni baridi. Hapo joto lake ni lipi? Mwaka 2011 kundi la mwanafizikia Andrea Cavalleri liliripoti kwamba mwanga uliamsha dalili za upitishaji mkuu katika oksidi ya shaba ambayo mawimbi yalikuwa yameuzima.

Mpinzani atasema leza inapasha moto tu. Siafiki. Mwaka 2014, watafiti wa Ljubljana walipiga salfidi ya tantalamu kwa mpigo mmoja, ikaingia katika hali isiyofikika kwa kuipoza au kuipasha taratibu, nayo ikadumu kwenye baridi kali. Weka kipimajoto kwenye vipande viwili vya salfidi hiyo, kimoja kilichopozwa polepole, kingine kilichopigwa leza. Kitasoma namba ileile, na ilhali kile cha kwanza kinauzuia umeme, cha pili kinaupitisha.