"Tope Hai": Asili ya Istilahi Moja ya Majitaka

Katika tafsiri za miongozo ya mitambo ya majitaka, neno "uchafu" halifai kutumiwa kwa kila kitu kituamacho chini ya maji. Historia yenyewe yalikataa.

Mwaka 1914, mjini Manchester, Uingereza, wanakemia Edward Ardern na William Lockett walitoa taarifa ya majaribio yao. Walipuliza hewa katika chupa za majitaka. Mara ya kwanza kazi ilichukua majuma kama matano. Maji yalipotakata waliyamimina, lakini tope lililotuama hawakulitupa. Walitia majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Kadiri walivyorudia, muda ulipungua, hata ukawa chini ya saa 24.

Jina walilolipa kwa Kiingereza lina maana ya tope lililotiwa nguvu ya kutenda. Nguvu hiyo ni ya bakteria na vijidudu vinginevyo, ambavyo hula uchafu na kuzaana. Ni mithili ya chachu: donge lililobakizwa jana ndilo liumualo unga wa leo. Kwa hiyo twapendelea "tope hai". "Tope tendaji" nalo lingefaa, ingawa masikioni mwetu lanukia ofisi.

Kwa kuwa tope hai huongezeka, sehemu yake hurudishwa katika birika la hewa, nayo "tope la ziada" huondolewa. Mhudumu aliyeandikiwa "ondoa uchafu" ataondoa yote mawili, na birika libaki na majitaka yasiyo na wa kuyasafisha.