Prosesa ya dola 149 iliyofanya kazi ya dola 669

Tarehe 24 Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitangaza prosesa kadhaa siku moja. Iliyokuwa ghali zaidi kwa kompyuta za mezani ni Pentium II ya megahezi 450, dola 669 kwa wanunuzi wa jumla wanaochukua elfu moja kwa mkupuo. Kwenye orodha hiyohiyo ilikuwamo Celeron 300A, prosesa ya megahezi 300 iliyokusudiwa mashine za bei nafuu, dola 149. Kabla mwaka haujaisha, wapenzi wa kompyuta kutoka Marekani hadi Taiwan walikwishajua kwamba kwa kubadilisha namba moja ndani ya BIOS, programu inayoiwasha kompyuta, ile ya dola 149 ilikimbia megahezi 450 na kukaribiana na ile ya dola 669, na katika baadhi ya michezo ya kompyuta iliipita. Tukio hili husimuliwa kama bahati ya watu wachache waliopenda kuchokonoa mashine zao. Mimi naliona ni zaidi ya hapo. Lilithibitisha kwamba kasi inayoandikwa kwenye prosesa ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa ndani ya mipaka ya fizikia, na kwamba mipaka hiyo mara nyingi iko mbali kuliko mnunuzi anavyoambiwa.

Ushahidi wenyewe unahitaji hesabu ndogo. Ubao mama hutoa mapigo ya msingi, na prosesa huyazidisha kwa namba iliyopangiwa ili kupata kasi yake. Kizidishi cha Celeron 300A kilikuwa 4.5, nacho Intel ilikifunga kiwandani asiweze mtu kukigusa. Mapigo ya msingi yalikuwa megahezi 66 na ushei, na ukizidisha kwa 4.5 unapata 300. Lakini mapigo hayo hayakuwa mali ya prosesa, yalitoka kwenye ubao mama. Aprili mwaka huohuo Intel yenyewe ilikuwa imetoa chipu za ubao mama ziitwazo 440BX, zilizobuniwa kwa mapigo ya megahezi 100 ili kuzihudumia Pentium II mpya. Aliyekuwa na ubao wa aina hiyo aliwasha mashine, akabonyeza kitufe cha kuingia BIOS, akabadilisha 66 kuwa 100, akahifadhi na kutoka. Mia moja mara 4.5 ni 450.

Kwa nini mia moja, wala si themanini na tatu, namba ambayo mbao nyingi ziliiruhusu pia? Hapa ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Mapigo ya msingi hayaendeshi prosesa peke yake. Kadi za sauti, kadi za mtandao na diski ngumu zilipitia njia ya PCI, iliyopaswa kwenda megahezi 33, na kasi yake ilipatikana kwa kuyagawanya mapigo hayohayo: kwa mbili yakiwa 66, kwa tatu yakiwa 100. Ukisimama kwenye 83 na kigawanyo kikabaki mbili, njia ya PCI inapelekwa kwenye megahezi 41 na nusu, diski zinaanza kukosea, na faili huharibika kimyakimya. Ukifika 100, kigawanyo kinakuwa tatu na kila kitu kinarudi kwenye 33 yake. Hata kadi ya picha iliyo kwenye njia ya AGP inabaki kwenye 66, kwa kuwa hugawiwa theluthi mbili. Yaani kwenye megahezi 450 sehemu nyingine zote za kompyuta ziko ndani ya viwango vilivyoandikwa, ilimradi kumbukumbu iwe ya daraja la PC100. Inayovuka kiwango ni prosesa tu, na ndiyo sababu matokeo yalikuwa safi kiasi kile: jaribio zima lilibaki na swali moja, je, silikoni ya Celeron inaweza?

Iliweza, na sababu haikuwa miujiza. Celeron za kwanza, zilizotoka Aprili 1998, ziliachwa bila kache ya daraja la pili, ile kumbukumbu ndogo inayoweka karibu data inayohitajika mara kwa mara. Zilidharauliwa sokoni, na kwa haki, kwani kazi za kawaida za ofisini ziliwashinda wamiliki uvumilivu. Intel ilijibu kwa 300A, ikaweka kilobaiti 128 za kache ndani ya silikoni yenyewe, zikienda kwa kasi ileile ya prosesa. Pentium II ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikaa kwenye chipu za pembeni na kwenda nusu ya kasi. Kwa hiyo prosesa ya bei ya chini ilikuwa na transista milioni 19 kwenye kipande kimoja, ilhali ile ya kifahari ilikuwa na milioni 7.5 ukiacha hizo chipu za kache. Zote mbili zilichongwa kwa teknolojia ileile ya mikroni 0.25, ambayo kufikia wakati huo Intel ilikuwa imeizoea vilivyo. Na kwa kuwa Celeron haikubeba chipu za kache za pembeni, haikuwa na mzigo wa ziada wa kuizuia isipande.

Kwa nini basi iliandikwa 300? Kiwanda hupima kila prosesa kisha kuipanga kwenye daraja. Tukichukulia kahawa kwa mfano, tuseme mwaka umekuwa mzuri na karibu mavuno yote yamefikia daraja la AA, lakini wanunuzi wengi wana fedha za AB tu. Mwenye ghala atajaza magunia ya AB kwa punje za AA, kwa sababu asipofanya hivyo atapoteza wateja au atashusha bei ya AA. Hali ya Intel mwaka 1998 ilikuwa hiyo. Kampuni pinzani ya AMD ilikuwa inauza prosesa zake za K6-2 kwa bei ya chini, kwa hiyo lazima Celeron ya megahezi 300 iwepo sokoni, hata kama silikoni iliyotoka kiwandani ilikuwa na uwezo wa kwenda mbali zaidi.

Tamaa ya kuvuka kiwango ni ya zamani kuliko menyu za BIOS. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka 1984, prosesa yake ilikwenda megahezi 6 kutokana na kristali ya megahezi 12, na wamiliki wakagundua kwamba kristali ya megahezi 16 ikichomekwa mahali pake mashine hupanda hadi megahezi 8. IBM ilijibu kupitia BIOS: matoleo ya baadaye yalipima kasi wakati wa kuwasha na kuikataa mashine iliyozidi. Ni jambo la kutafakari kwamba programu hiyohiyo, iliyotumika kwanza kama mlinzi wa mtengenezaji, baada ya muongo mmoja ndiyo iliyokuja kuwa mlango wa mtumiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kazi hii ilifanywa kwa jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha pini kwenye ubao, na ilidai kufungua kasha, kusoma mchoro na kuwa na mkono usiotetemeka. Kampuni ya Abit ya Taiwan ilihamishia mipangilio hiyo kwenye skrini kwa jina la Soft Menu, na ubao wake wa BH6 wa mwaka 1998 uliruhusu kubadilisha mapigo na hata volteji bila kugusa bisibisi. Kampuni kubwa zilizouza kompyuta nzima hazikufuata njia hiyo. BIOS zao zilificha mipangilio hii, na mpaka leo mashine nyingi za ofisini zilizotumika, zile zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi, hazina ukurasa huo hata ukiutafuta namna gani.

Wapo wanaosema kwamba mtengenezaji haweki nafasi ya akiba bure. Prosesa inatakiwa ifanye kazi ndani ya kasha lenye vumbi, kwenye chumba cha joto, kwa umeme usiotulia, kwa miaka mingi, na anayeila akiba hiyo anakopa asichojua atakilipaje. Hoja hii ni nzito na ina ushahidi wake mkubwa, tena kutoka Intel kwenyewe. Tarehe 31 Julai 2000, ikishindana na AMD iliyokuwa imeitangulia kufika gigahezi moja mwezi Machi, Intel ilitangaza Pentium III ya gigahezi 1.13. Wakaguzi wa vifaa, Thomas Pabst na Kyle Bennett wakiwa mbele, walionyesha kwamba prosesa hiyo ilishindwa kumaliza kazi ndefu kama kukusanya kiini cha Linux kutoka kwenye msimbo wake. Tarehe 28 Agosti Intel iliirudisha kutoka sokoni. Kuwaka kwa Windows hakuthibitishi kwamba prosesa iko salama. Hesabu moja inayokosewa katika mabilioni haionekani kwenye skrini, inaonekana baadaye kwenye faili lisilofunguka. Ndiyo maana anayepandisha kasi ya kompyuta ya zamani anapaswa kuipa mzigo mzito kwa saa nyingi, kwa programu kama Prime95 na Memtest86, kabla hajaikabidhi kazi ya mtu. Lakini tazama kisa hicho kinasema nini kuhusu namba ile. Mwaka 1998 ushindani uliifanya Intel iandike kasi iliyo chini ya uwezo wa silikoni, na mwaka 2000 ushindani huohuo ukaifanya iandike kasi iliyo juu ya uwezo huo. Katika visa vyote viwili soko liliisukuma namba, na fizikia ikabaki palepale.

Joto nalo lina hesabu yake. Umeme unaotumiwa na transista zinazowaka na kuzima hukua sawasawa na kasi, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volteji. Celeron 300A ilitumia takriban wati 19 kwa volti 2.0. Ukiipeleka 450 bila kugusa volteji, matumizi yanaongezeka mara moja na nusu. Ukiongeza volteji hadi 2.2, kama walivyofanya wengi ambao chipu zao zilikataa kutulia, yanakaribia mara 1.8. Kipoza joto kizuri chenye feni kiliumudu mzigo huo wakati ule. Kwa prosesa za miaka ya baadaye, zilizoanzia wati 95 au 130, hesabu hiyohiyo inaleta kitu cha kuogopwa, na mwenye mashine ya zamani asianze na volteji hata kidogo. Aanze na mapigo au kizidishi, hatua moja moja, na volteji iwe ya mwisho.

Ipo pia shutuma ya kimaadili: kwamba aliyelipa dola 149 na kupata kazi ya 669 amemdhulumu muuzaji. Shutuma hii huchanganya watu wawili tofauti. Katika miaka hiyo walikuwepo walaghai waliofuta maandishi ya prosesa za kasi ndogo, wakachapa namba kubwa na kuziuza kwa bei ya juu, na Intel ilitaja ulaghai huo kuwa sababu ya kufunga vizidishi. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mnunuzi. Aliyeibadilisha Celeron yake mwenyewe hakumdanganya mtu. Alinunua kipande cha silikoni, akabeba hatari yote kwa kupoteza dhamana, na akakitumia.

Jibu la watengenezaji wenyewe linaonyesha walikielewa kilichotokea. Mwaka 2008 Intel ilileta Turbo Boost, prosesa inayojipandisha yenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu, hivyo sehemu ya ile akiba ikaanza kuuzwa ikiwa tayari inatumika. Mwaka 2010 ilijaribu kuuza kadi za dola 50 zenye namba ya siri. Mwenye Pentium G6951 aliiingiza kwa programu, na kache zaidi pamoja na uwezo mwingine uliokuwa tayari ndani ya prosesa yake vikafunguka. Wanunuzi walichukizwa, na mpango huo ulikomeshwa mwaka 2011. Januari mwaka huohuo zikaja prosesa za kizazi cha Sandy Bridge, ambazo mapigo yake ya msingi yalifungamanishwa na njia nyingine nyingi za kompyuta kiasi kwamba kuyaongeza kwa zaidi ya asilimia chache kuliangusha mashine nzima. Njia ya Celeron 300A ilifungwa hapo. Iliyobaki ilikuwa kizidishi, nacho kiliachwa huru kabisa kwenye prosesa zenye herufi K tu: Core i7-2600 ilitangazwa kwa dola 294, na 2600K kwa dola 317.