Boriti za Rufiji na Upana wa Chumba

Wanaousifia Mji Mkongwe wa Unguja husimama mlangoni: nakshi, njumu za shaba, kisha kuta za mawe. Dari hawalitazami, na dari ndilo lililoamua nyumba iweje. Chumba cha Unguja, cha Lamu, hata cha Kuwait ya zamani, kiliweza kurefushwa atakavyo mwenyewe, lakini upana wake haukupita sana mita tatu, kwani boriti ndefu zaidi ya hapo hupinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Nyumba hizo tunaziita za mawe, ila vipimo vyake ni vya mti. Na mti huo, mkoko au msinzi, kwa miaka mingi ulitoka kwa sehemu kubwa delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti ya leo, kwenye hekta zipatazo 50,000 za misitu ya mikoko.

Atakuwepo wa kusema wembamba ule ulitokana na mazoea: watu walitaka kivuli na stara. Stara ilikuwa na nafasi yake, sikatai. Lakini tazama waliotaka upana walifanyaje. Waashi wa misikiti walipanga safu za nguzo katikati ili boriti zipate pa kulalia. Sultani Barghash wa Zanzibar, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, alilazimika kuleta chuma. Kama ni mazoea tu, gharama zote hizo za nini?

Wengine watasema sanaa ni ya mchonga milango, delta ilitoa magogo tu. Lakini mkataji wa Rufiji hakukata gogo tu. Alitenga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti. Akiwa topeni, maji yamekupwa, alikwishajua mti upi utabeba dari na upi ni wa ukuta wa udongo. Nyumbani kwake mwenyewe, ukuta ulikuwa wa fito na udongo, paa la makuti. Wakoloni wa Kijerumani waliona thamani ya misitu hiyo wakaihifadhi mwaka 1898, na mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers aliingia delta na jahazi la Kuwait lililofuata boriti. Baadaye mafuta yaliipa Kuwait saruji na nondo, soko likafifia. Unguja boriti bado zina kazi: fundi anayezing'oa na kumwaga zege huzitwisha kuta za matumbawe uzito ambao hazikujengewa.