Samaki wapole wa tangi la nyumbani: wa Kilombero wachaguliwe kwa uangalifu

LUPIRO ipo kusini mwa Mto Kilombero, katika barabara itokayo Ifakara kwenda Mahenge. Mvua za masika zinapofurika mbugani na katika mashamba ya mpunga, samaki huonekana hata kwenye madimbwi yaliyokuwa makavu. Kwa sababu hiyo, mkazi wa mjini anayetaka tangi la kioo sebuleni hushawishika kuamini kwamba kila samaki mdogo wa bonde hilo anafaa kufugwa. Sivyo.

Perege mchanga hutulia kwa miezi michache, kisha hukua, hujitwalia pembe moja ya tangi na kuwafukuza wenzake, hasa wakati wa kuzaa. Kambale ni mbaya zaidi, kwani huwinda usiku na kumeza kila kinachoenea kinywani mwake. Ama Hydrocynus tanzaniae, samaki wa Mto Rufiji mwenye meno ya kutisha, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1986, huyo abaki mtoni.

Bonde hilo lina samaki mzuri wa mapambo, Nothobranchius kilomberoensis, aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2002. Huishi katika madimbwi ya msimu. Maji yakikauka hufa, lakini mayai yake hubaki hai ndani ya tope hadi mvua nyingine. Ndugu yake wa Unguja, Nothobranchius guentheri, amefugwa kwa miaka mingi na wapenzi wa samaki Ulaya na Marekani. Madume yao hugombana. Dume mmoja awekwe na majike wawili au watatu, katika tangi lao wenyewe.

Kwa anayetaka mchanganyiko wa amani, tangi la lita 60 latosha gapi wanane na Corydoras sita, kambale wadogo wa Amerika Kusini. Gapi huogelea juu, Corydoras hutafuta chakula chini, hivyo hawagombei nafasi. Corydoras mmoja peke yake hujificha kwa woga, ndiyo maana huwekwa kwa kundi. Gapi wawe madume watupu: jike huhifadhi mbegu za dume na huweza kuzaa mara kadhaa bila kupandwa tena.

Vifo vingi hutokana na haraka, wala si ugomvi. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana katika kichujio, kwa hiyo samaki waingizwe wachache wachache. Sifongo ya kichujio isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini huwaua bakteria hao. Ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Kila wiki robo ya maji ibadilishwe. Tangi likiachwa na maji bila samaki, mbu watalichukua.

Samaki wakizidi, apewe mfugaji mwingine. Gapi asitupwe mtoni wala mtaroni: hula mayai na vifaranga vya samaki wengine, na ardhioevu ya Kilombero imo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002.